Jibu la Mwamba wa Kunguru

Saija Kurkela alikuwa na tabia ambayo mama yake aliiita ugonjwa: hawezi kulipita jambo bila kuchungulia ndani yake. Labda ndiyo maana akawa fundi wa dohani. Kutwa yuko juu ya mapaa ya watu, nguo nyeusi, masizi mpaka puani, anateremsha mpira wa chuma na brashi ndani ya bomba la moshi huku ameinamisha kichwa kusikiliza unavyogonga kuta mpaka chini. Watu husafisha sebule kabla mgeni hajafika. Dohani hawaisafishi, na Saija aliona humo mengi ambayo sebule haikuyasema.

Alihamia mji mdogo wa Ruokoniemi, kando ya ziwa, wakati majani yanapukutika, fundi wa zamani alipostaafu, na hata maboksi hayajafunguliwa okestra ya mji ikamnasa. Jirani alikuwa amemwona akishusha besi kwenye gari, ile fidla kubwa inayomzidi mtu kimo na inayopigwa kwa kusimama. Habari ikafika shuleni kabla besi haijafika ndani. Jumanne hiyo hiyo akajikuta katika ukumbi wa chakula wa shule, kwenye harufu ya supu ya njegere, amesimama bega kwa bega na Mzee Aulis Pohjonen, aliyekuwa mpiga besi pekee wa mji ule tangu Saija hajazaliwa.

Okestra yenyewe ilikuwa ya watu wa kazi zao. Daktari wa meno alipuliza filimbi, muuza matrekta alipiga ngoma, na kwenye fidla walijaa walimu, wastaafu na mwanamke mmoja wa benki aliyekuwa akikanyaga mguu kwa nguvu kuliko alivyopiga. Hakuna aliyelipwa isipokuwa kiongozi, Ilta Saarelma, dada wa makamo aliyeajiriwa na halmashauri kuwanoa kwa ajili ya sherehe za mji kutimiza miaka mia moja na hamsini. Ilta alikuwa mpole wa maneno na mkali wa masikio. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshamwambia Mzee Taisto wa tarumbeta kwamba masikio yake yamechoka, na kwamba ni heshima zaidi kupumzika wakati watu bado wanakupenda. Taisto alirudisha tarumbeta kabatini na tangu siku ile alikuwa akimsalimia Ilta kwa kofia tu, bila mdomo.

"Baada ya sherehe," Ilta aliwatangazia mwezi wa tano, "nitamsikiliza kila mmoja wenu peke yake. Msiogope. Nataka tu kujua nina nini mkononi."

Watu waliinama kwenye karatasi zao za muziki kama wanafunzi ambao hawajafanya kazi ya nyumbani. Mzee Aulis peke yake alitabasamu, akaendelea kufuta besi yake kwa kitambaa.

Muziki wa sherehe ulikuwa mmoja, na kila mtu mjini aliujua. Uliitwa *Salamu kwa Mwamba*, na uliandikwa zamani na mpiga kinanda wa kanisa lao. Ulipigwa mara moja kwa mwaka, Siku ya Mji, ufukweni mwa ziwa, wanamuziki wametazamana na Mwamba wa Kunguru ulioko ng'ambo. Katikati yake okestra nzima ilipiga sauti moja kubwa kwa nguvu zote, kisha ghafla ikanyamaza. Kimya hicho hakikuwa na hesabu. Kwenye karatasi ya Saija palikuwa na alama ya kusubiri tu, na baada yake noti moja nzito ya besi, peke yake, ambayo wote waliifuata kuingia tena.

"Pale tunasubiri nini?" Saija aliuliza mara ya kwanza walipofanya mazoezi, wakati wa kahawa.

"Jibu," alisema Tellervo, daktari wa meno, akitafuna mkate wa iliki.

"Jibu la nani?"

"La Mwamba. Tunausalimia, unajibu. Hujaona kwenye nembo ya mji? Kunguru kakaa juu ya jiwe, mdomo wazi."

"Kwa hiyo ni mwangwi."

Meza nzima ilimtazama kama mtu aliyeingia sauna na viatu.

"Mwangwi ni wa mapangoni," alisema muuza matrekta. "Hili ni Jibu. Tofauti utaisikia mwenyewe mwezi wa nane."

"Si niende tu jioni hii nikapige kelele nisikie?"

"Usithubutu, dada. Mwamba hauchezewi. Watoto wetu wenyewe tunawafunga midomo wakifika pale. Salamu ni mara moja kwa mwaka, ndipo unajibu."

Saija alicheka, wao hawakucheka. Akameza kahawa yake na swali lake pamoja, na kama kawaida kahawa ndiyo iliyoshuka.

Mazoezini, kwa kuwa ukumbini hapakuwa na mwamba, Mzee Aulis aliingia alipotaka. Siku nyingine alisubiri kidogo, siku nyingine mpaka watu wakaanza kukohoa. Alisimama wima, upinde mkononi, macho yake ya kijivu yakitangatanga ukumbini, kisha bila onyo mkono ukashuka na noti ile nzito ikatoka, nao wakamfuata kama kondoo waliofunguliwa zizi.

Jambo hilo halikumpendeza Ilta. "Mzee Aulis, naomba niwe natoa ishara mimi."

Mzee hakujibu, alikuwa akigeuza ukurasa. Mwanamke wa benki akajibu badala yake. "Kiongozi, hapo hakuna aliyewahi kutoa ishara. Hapo ni pa Aulis. Yeye ndiye anayelisikia Jibu likiisha."

"Siwezi kuongoza nyumba ambayo mlango wake kaushika mtu mwingine," alisema Ilta, lakini kwa sauti ya chini, na akaandika kitu kwa penseli pembeni ya karatasi yake. Saija aliuona uso wake na akajua kwamba siku ya kusikilizwa mmoja mmoja, besi ndiyo itakayoanza.

Mwezi wa sita zamu ya kusafisha dohani ikafika nyumbani kwa Aulis na mkewe Orvokki, nyumba ya mbao ya rangi ya njano nyuma ya kanisa. Orvokki alikuwa bustanini. Mzee alikuwa jikoni, kwenye meza, kageuzia mgongo jiko la matofali, kikombe mbele yake, anatazama filamu ya kigeni kwenye televisheni. Saija aliona kwanza maandishi ya tafsiri yakipita chini ya kioo, kama kawaida. Kilichomchukua muda kuking'amua ni kwamba televisheni ile haikuwa ikitoa sauti hata kidogo.

Akasalimu. Mzee hakugeuka. Akadhani filamu imemnoga, akaanza kazi yake, akiwa amepiga magoti nyuma yake kwenye mlango wa masizi. Hapo ule mpira wa chuma ukamponyoka, ukaangukia karai la bati kwa kishindo ambacho Orvokki huko bustanini alikisikia akasimama.

Mzee Aulis aliinamisha kichwa akatazama kahawa yake. Uso wa kahawa ulikuwa unatetemeka kwa viduara vidogo. Akavitazama mpaka vikatulia, ndipo akageuka polepole, akamkuta Saija ameshika mdomo.

Wakatazamana.

"Umeona," alisema mzee.

"Nimeona."

"Sogea huku mbele, kwenye mwanga. Mdomo wako una masizi, sikusomi vizuri."

Saija akajipangusa kwa kiwiko, akaketi. "Tangu lini, mzee?"

"Hata siku sikumbuki. Halikuja mara moja. Masikioni mwangu walianza kuondoka ndege, wakafuata watoto, halafu wanawake. Mwisho nikabaki na ngurumo, nayo siku moja ikapita nikaona umeme tu."

"Lakini unapiga. Unapiga safi kuliko mimi."

Aulis aliinuka akaenda kwenye besi yake iliyoegemea ukuta. Akamwashiria aje aweke shavu kwenye ubao wa ubavuni, kisha akavuta upinde. Sauti ilimwingia Saija kwenye taya, ikashuka shingoni, ikakaa kifuani. "Hivyo," alisema mzee. "Ikiwa kombo inauma hapa. Ikiwa sawa inatulia. Na besi inanichukulia hata sauti za wengine, kupitia sakafu. Nikipewa sakafu ya mbao sina shida na mtu."

"Ufukweni ni nyasi."

"Napewa jukwaa la mbao. Niliwaambia magoti yangu hayapendi unyevu."

Saija alicheka, halafu swali lililomla tangu msimu uliopita likamtoka. "Na Jibu? Linatoka ng'ambo ya ziwa, mzee. Haliwezi kupita kwenye sakafu."

"Hilo nalipata kwa njia yangu."

"Njia gani?"

"Binti, wewe una maswali kama pua ya mbwa." Lakini alikuwa amefurahi, ilionekana. "Utasimama pembeni yangu siku hiyo. Tazama ninakotazama." Akarudi kuketi, akazungusha kikombe. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo. "Utasema?"

Saija alimfikiria Taisto na kofia yake. "Sijaulizwa," alisema.

"Nyumba hii, Orvokki ni wa maua yake. Mimi nina Jumanne. Ukiniondolea Jumanne unibakizie nini? Filamu?"

Mwezi wa saba akapanda paa la nyumba ya parokia, lililo karibu kabisa na maji. Kulikuwa na jua, ziwa limelala, na ng'ambo Mwamba wa Kunguru ulisimama wazi na mwekundu kama nyama iliyotolewa ngozi. Chini yake paliwekwa uzio, na ndani ya uzio palikuwa na rundo la matofali na mashine mbili za njano. Saija alikumbuka kwamba alipohamia palikuwa na ghala pale, la kiwanda cha karatasi kilichofungwa, jengo refu la matofali lisilo na dirisha upande wa ziwa. Majira ya kuchipua halmashauri ilikuwa imelibomoa ili mandhari ipendeze kwa sherehe.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Akaweka viganja mdomoni akaita, "Hoooi."

Ziwa likaipokea sauti yake na halikurudisha chochote.

Akashuka, akaenda mpaka kwenye nyasi ambapo jukwaa lingejengwa. Akaokota vipande viwili vya ubao akavigonga kwa nguvu zote. Bata wakaruka. Hakuna kingine.

"Hapa hatupigi kelele, fundi." Bibi mmoja alikuwa amesimama njiani na mbwa wake mdogo, wote wawili wamekunja uso.

"Samahani, bibi. Nilitaka kujua tu kama unajibu."

"Unajibu. Siku yake ikifika."

"Na lile ghala, bibi, lilikuwa refu sana?"

"Lilikuwa limeuziba Mwamba nusu nzima, tangu babu yangu kijana. Aibu tupu. Sasa angalau Mwamba unapumua." Bibi akaivuta kamba ya mbwa. "Mwaka huu Jibu litakuwa safi kuliko miaka yote. Kila mtu anasema hivyo."

Saija alibaki na mbao zake mkononi. Aliutazama Mwamba, ulivyovunjika vunjika, uliojaa nyufa na misonobari, ambao sauti ikiufikia ingetawanyika kama unga. Akalitazama rundo la matofali. Ukuta laini, mrefu, mtupu, uliotazamana na mji. Hawa watu walikuwa wameusalimia Mwamba vizazi vitatu na siku zote aliyewajibu alikuwa ghala la karatasi. Nao wakalibomoa wenyewe ili wausikie Mwamba vizuri zaidi.

Wa kumwambia alikuwa nani? Akimwambia Ilta, Ilta angekata kile kimya kwa penseli na mlango wa nyumba angeushika mwenyewe. Asipomwambia mtu, siku ya sherehe mji mzima ungesubiri Jibu lisilokuja, huku ukimtazama mzee mmoja mwenye upinde. Akiingia mapema, wangejua hasikii. Akichelewa, wangejua hivyo hivyo.

Akaenda nyumba ya njano. Aulis na Orvokki walikuwa kwenye vichaka vya zabibu ndogo nyekundu, wanachuma kwenye ndoo. Saija alizunguka mpaka mbele ya mzee, akamweleza yote, taratibu, midomo ikionekana. Orvokki aliacha kuchuma. Mzee Aulis alibaki na kishada kidoleni.

"Ghala," alisema hatimaye.

"Ghala, mzee."

"Nilifanya kazi ndani ya ghala lile. Miaka. Nilikuwa natoka nje nakula mkate wangu nimeegemea ukuta ule." Akaanza kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, mpaka Orvokki akamwondolea ndoo. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi, nyinyi wawili, na mbwa wa yule bibi."

"Basi tuone."

"Tuone nini? Huogopi?"

"Naogopa, kwa nini nisiogope? Wakinigundua mbele ya mji mzima, yule Ilta hatahitaji hata kunisikiliza peke yangu." Akatia kishada mdomoni, akakunja uso kwa uchachu wake. "Lakini na wewe unataka kuona, usinidanganye. Nakuona macho yako."

"Ungesema unaumwa. Nipige mimi ile noti."

"Na wewe ungesubiri nini?"

Saija akainama, akaanza kuchuma pamoja nao.

Siku ya Mji ikaja na upepo. Okestra ilifunga karatasi zake kwenye stendi kwa vibanio vya nguo, kila mtu rangi yake, kiasi kwamba jukwaa lilionekana kama kamba ya kufulia. Chini yao, kwenye mteremko wa nyasi, mji mzima ulikuwa umeketi juu ya mablanketi, soseji mkononi, watoto na aiskrimu, wazee mbele kwenye viti. Nyuma ya watu hao, upande wa pili wa maji, Mwamba. Hivyo ndivyo ilivyopangwa tangu zamani: wanamuziki waliutazama Mwamba, na watu waliwatazama wanamuziki, migongo yao ziwani.

Saija aliligundua hilo wakati mwenyekiti wa halmashauri akihutubia, na kitu kikamgusa ubongoni. Akamtazama Aulis. Mzee alikuwa kavaa suti nyeusi, kanyoosha shati, na macho yake hayakuwa ng'ambo. Yalikuwa kwenye nyasi, yakipita safu kwa safu, kama mchungaji anayehesabu.

*Salamu* ikaanza. Walipiga vizuri kuliko mazoezi yote, hata mwanamke wa benki alikanyaga kwa staha. Muziki ukapanda ngazi Saija aliyoijua, ngoma ikaunguruma, na wote kwa pamoja wakaitoa ile sauti moja kubwa, mpaka mbao za jukwaa zikatetemeka chini ya viatu vyake. Ilta akakata kwa mikono miwili.

Kimya.

Upepo ulipita kwenye karatasi. Saija alisikiliza kwa mwili mzima, akitumaini kwamba amekosea. Alisikia maji, alisikia kibanio kimoja kikigongagonga stendi. Ng'ambo hakikuja kitu. Upinde wa Aulis ulikuwa umeinuliwa hewani, haujagusa uzi. Ilta naye alikuwa ameanza kuuinua mkono wake wa kulia, kidogo tu, tayari kuokoa jahazi.

Tazama ninakotazama. Saija akawatazama watu.

Walikuwa wamekaa kimya, wameinua nyuso. Kisha, safu ya mbele, bibi mwenye mbwa akageuza kichwa. Si kwa ghafla. Aligeuza shingo polepole kuelekea ziwani, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoijua. Mzee wa pembeni yake akageuka. Wakafuata wanawake wa blanketi la pili, na baba mmoja na mwanawe mabegani, na sasa ilikuwa kama upepo unaopita kwenye shayiri, mteremko mzima ukigeuka, vichwa vyote, mpaka Saija hakuona nyuso tena, aliona visogo tu na masikio. Baadhi yao walifumba macho. Walibaki hivyo kwa muda ambao miili yao iliujua tangu utotoni. Halafu wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wanatabasamu.

Bibi mwenye mbwa alipomaliza kurudisha uso wake mbele, upinde wa Aulis ukashuka.

Noti ikatoka, nzito na pana, na okestra ikaifuata.

Baadaye, kwenye meza za kahawa na keki ya mji yenye kunguru wa sukari, watu hawakuwa na habari nyingine.

"Limekuja taratibu mwaka huu," alisema muuza matrekta. "Lakini safi. Bila lile ghala kulivuruga."

"Mimi limenisisimua mpaka mikono," alisema Tellervo.

Mzee Taisto alipita na kikombe chake. "Lilikuwa dogo," alisema. "Na sababu mnaijua. Tarumbeta moja haikuwepo."

Saija alikuwa akiwasikiliza mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi, keki haijaguswa. Hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wamelisikia. Alitamani kumshika kila mmoja amuulize: ulilisikia wapi, kwenye sikio gani?

Ilta alimvuta mkono, akampeleka nyuma ya jukwaa. Uso wake ulikuwa umepauka. "Saija. Wewe si wa hapa, kwa hiyo nakuuliza wewe. Ulisikia kitu?"

"Hapana."

Ilta alishusha pumzi. "Nashukuru. Nilidhani masikio yangu yameharibika. Nilikuwa tayari kutoa ishara, halafu wale watu wakageuka wote, na yeye akaingia pale pale." Alitazama upande aliokuwa amesimama Aulis, ambaye Orvokki alikuwa akimfunga skafu. "Kama hakukuwa na kitu, yule mzee alisikia nini?"

Sasa alikuwa ameulizwa. Saija alifikiria kusema sijui, na neno lenyewe likakataa kutoka, maana halikuwahi kumfaa maishani.

"Kamuulize mwenyewe," alisema. "Lakini simama mbele yake kabisa. Kwenye mwanga."

Ilta alisimama kidogo na maneno hayo. Saija aliona yanavyomwingia: mbele yake, kwenye mwanga. Aliona macho ya Ilta yakirudi nyuma, kwenye kurasa zilizokuwa zikigeuzwa kila alipozungumza, kwenye tabasamu wakati wengine wameinamisha vichwa. Bila neno jingine Ilta akaondoka, na Saija akamfuata nyuma, kwa sababu miguu yake haikujua kubaki.

"Mzee Aulis," alisema Ilta, ameketi kwenye kiti cha mbele yake, magoti karibu yagusane. "Husikii."

Aulis alimtazama Saija, akarudi kwa Ilta. "Sisikii."

"Hata mimi?"

"Wewe nakuona vizuri sana. Una midomo ya mtangazaji wa habari."

Ilta hakutabasamu. "Mzee Taisto nilimwambia apumzike kwa tatizo dogo kuliko hili. Nitamtazamaje?"

"Kwa macho, kama mimi." Aulis alikunja mikono. "Ulisema utatusikiliza mmoja mmoja. Nisikilize. Nikipiga kombo, sitakusubiri uniambie kwa lugha tamu. Nitarudisha stendi ya shule na sitarudi. Lakini usiniondoe kwa ajili ya masikio, maana kwa masikio sijawahi kukupigia noti hata moja."

Kwenye nyasi watoto walikuwa wakikunja mablanketi na mbwa mdogo alikuwa akila soseji isiyo yake.

"Mimi ninayo masikio," alisema Ilta mwishowe, "na nilibakisha nusu ya pumzi tu niharibu kila kitu." Akainuka, akajipangusa sketi. "Taisto nitakwenda kwake kesho. Sijui nitasema nini, lakini nitakwenda. Na mwakani, mzee, usogee mbele kidogo, karibu na mimi. Nataka nione upinde wako bila kugeuza shingo."

"Na Saija?"

"Asogee naye. Kwani atakubali kubaki nyuma?"

Ilta alipoondoka, Orvokki alimpiga mumewe bega na kwenda kutafuta gari. Wale wapiga besi wawili wakabaki na masanduku yao makubwa. Saija alikuwa akimtazama mzee kwa namna ambayo mzee aliijua.

"Uliza," alisema Aulis.

"Mji mzima umelisikia leo isipokuwa mimi na Ilta. Na halipo tena, mzee. Sitalisikia kamwe." Akahakikisha uso wake uko kwenye mwanga. "Lilikuwaje, ulipokuwa bado unasikia?"

Aulis alifikiri. Kisha akaitoa besi yake tena kwenye sanduku, akaisimamisha kwenye mbao, akafunga macho. Alivuta upinde kidogo sana, karibu na mwisho wa uzi, na ikatoka sauti ambayo Saija hakuwa amewahi kuisikia kwenye besi: ile ile sauti kubwa ya *Salamu*, lakini bila kingo, kama imetembea mbali na kuvua viatu mlangoni.

Saija alibana pumzi mpaka ikaisha. "Ndiyo hivyo?"

Mzee alifungua macho, akamsoma. Akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Ilikuwa na kitu juu yake, chembamba. Kama filimbi, lakini si filimbi." Akasogeza kidole kwenye uzi, akakirudisha, akakisogeza tena. "Weka shavu lako hapo. Ukikisikia hicho chembamba, utaniambia."

Saija akaweka shavu lake kwenye ubao.